Tulivyoigiza majeruhi kwenye milima ya Misungwi, sungusungu wakatutokea na pinde

Wakuu, salaam kwenu nyote, mliojificha ofisini nyuma ya kompyuta na mliolala chali na simu usoni.

Chai, yaani hadithi za kutunga, nimezisoma nyingi humu na nikazinyamazia. Hili lakini lilinipata mimi mwenyewe, kwa miguu yangu hii, na shahidi mkuu bado yupo hai na ana simu. Wale wa "weka picha" niwaambie mapema kabisa: enzi hizo kamera alikuwa nayo mpiga picha wa harusi, na sisi hatukuwa na harusi.

Twende.

Ni miaka ya tisini, Mwanza. Nilikuwa nimepunguzwa kazi kiwandani, nikaangukia kwenye biashara ya raba za mitumba pale Mkuyuni. Ndiyo kipindi biashara huria imefunguliwa na kila mtu anauza kitu. Mwalimu anauza maandazi, karani anauza sabuni, mimi nauza viatu ambavyo Wazungu wamevichoka.

Raba nzuri sikuziuza. Nilizivaa.

Hapo ndipo habari ya mbio ilipoanza. Tulikuwa kikundi cha watu kama kumi na tano hivi, wengi wetu tumepunguzwa kazi, tuna muda mwingi na hasira kidogo. Tukaanza na barabara. Tunatoka Mkuyuni asubuhi, tunaenda mpaka Kirumba, tunapita Mwaloni tunavuta harufu ya dagaa, tunageuza.

Barabara ikatuchosha, tukahamia milimani. Mwanza mnaijua, ukigeuka huku jiwe, ukigeuka kule jiwe. Tukawa tunakimbia kwenye njia za ng'ombe, tunapanda mawe, tunashukia upande wa pili. Jumamosi tunadandia gari tunaenda mbali zaidi, hadi vilima vya upande wa Misungwi, ambako ndiko nilikozaliwa.

Leo vijana wanaita trail running na wanabeba maji mgongoni kwenye mikoba ya plastiki. Sisi tuliita kupanda mlima, na maji tuliomba kwenye nyumba za watu.

Kapteni nilikuwa mimi. Sikuchaguliwa na mtu, ila raba zote zilitoka kwangu.

Mkimbiaji bora hakuwa mimi. Alikuwa Masanja, rafiki yangu tangu kiwandani, tulikuwa mashine moja na zamu moja. Huyu jamaa kwenye kushuka mlima alikuwa mtu mwingine. Unamsikia anacheka huko chini, na wewe bado uko juu unatafuta pa kuweka mguu.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana uzi wote umekaa hapa.

Mwaka mmoja kabla ya kisa chenyewe, Masanja aliteleza kwenye jiwe na kifundo chake cha mguu wa kulia kikavimba. Mimi nilikuwa nasifika kwa kuchua. Bibi yangu alikuwa mchuaji, watu waliamini nimerithi mkono wake, na mimi niliamini kuliko hao watu.

Nikamchua Masanja jioni tatu mfululizo. Maji ya moto ya chumvi, halafu samli, halafu navuta, halafu nazungusha. Alikuwa anang'ata shati lake. Nikamwambia avumilie, maumivu ndiyo dalili kwamba mshipa unarudi mahali pake.

Haukuwa mshipa, wakuu. Ulikuwa mfupa, na ulikuwa umevunjika.

Alipokwenda hospitali baada ya wiki mbili, mfupa ulikuwa umeshaanza kuunga vibaya. Masanja hakukimbia tena. Anatembea, analima, lakini kifundo kimekaa upande, na kwenye mawe lazima ashike kitu.

Watu walipouliza kulikoni, nikasema Masanja mkaidi, alirudi mazoezini kabla hajapona. Niliisema mara ya kwanza hakuna aliyebisha. Nikaisema tena. Baada ya miezi michache hata mimi nilikuwa naisimulia kama mtu aliyeiona kwa macho.

Masanja mwenyewe hakuwahi kunikanusha. Alikuja mazoezini kila siku na saa yake ya mkononi, akawa mpima muda wetu. Ukichelewa anakutukana vizuri tu.

Basi.

Pale Mkuyuni kulikuwa na nesi mmoja tunamwita Sista Koku, Mhaya wa Bukoba. Serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kufungua zahanati, akaacha kazi akafungua yake sebuleni kwake. Mwanamama mkali, ana mwavuli mvua ikiwepo isiwepo, na akikasirika anahamia kwenye Kiingereza. Wahaya nisameheni, nasema nilichokiona.

Sisi ndio tulikuwa wateja wake wakubwa. Huyu kachanika goti, yule kaingiwa na mwiba, mwingine kafungwa kidonda kwa tambara la kufutia baiskeli. Hilo tambara la baiskeli ndilo lililommaliza uvumilivu. Akatuita wote uani kwake.

Akasema tunakimbilia sehemu ambazo hakuna gari, hakuna simu, hakuna zahanati, na katika kundi zima hakuna anayejua hata kufunga kidonda. Akasema atatupa mafunzo ya huduma ya kwanza, Jumamosi nne, bure. Asiyekuja asimletee mguu wake tena.

Tukaenda.

Yale mafunzo yalikuwa matamu, siwafichi. Vitambaa vyetu vilikuwa khanga kuukuu zilizochanwa. Tulifungana mikono, tulifungana vichwa, tukabebana uani mpaka majirani wakaanza kuleta viti waangalie. Alitufundisha kukandamiza damu badala ya kumwaga majivu juu yake. Alitufundisha kwamba aliyeumwa na nyoka hachanjwi wembe wala hafungwi kamba ya kukata damu, anatulizwa na kupelekwa hospitali.

Halafu tukafika kwenye mifupa.

Akasema mguu uliovunjika hauvutwi, hauchuliwi, haukandwi. Unaufunga kwenye kitu kigumu kama ulivyo, unahakikisha vidole vina joto na vina hisia, unampeleka mtu kwa daktari. Akasema wachuaji wamemletea miguu mibovu kuliko iliyoharibiwa na mawe.

Masanja alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Akaitazama saa yake. Mimi nilitazama kuku wa jirani mpaka somo likaisha.

Jumamosi ya nne ilikuwa ya mtihani, na mtihani ni huko huko milimani. Tutaigiza ajali. Sista atakaa pembeni na Masanja, yeye na karatasi yake ya maksi, Masanja na saa.

Majeruhi alikuwa Kabula, dada mmoja wa kwaya, mkimbiaji mzuri na ana sauti ya kuamsha mtaa. Yeye ameanguka na kuvunjika. Damu tulitengeneza kwa rozela, ile ya juisi nyekundu, iliyochemshwa ikawa nzito. Kundi moja limhudumie, na mtu mmoja mwenye mbio akimbie kuita msaada barabarani. Mwenye mbio ni kapteni.

Sista, mtu wa utaratibu, aliniuliza mapema kama nimetoa taarifa kijijini. Nilitoa. Jumatano yake nilikwenda mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji, nikamwamkia, nikamwambia Jumamosi wakimbiaji tutapita mlimani. Akasema karibuni sana.

Kwamba tutapiga kelele, sikumwambia. Wakuu, nani anatoa taarifa ya kelele?

Kwa wasiojua niwaeleze kidogo. Usukumani, hasa miaka ile, yowe lilikuwa amri. Likipigwa, kila mwanamume anayelisikia anaacha alichoshika na kuelekea linakotoka. Usipotokea, utajieleza mbele ya sungusungu, wale walinzi wa jadi waliokomesha wezi wa ng'ombe. Wana pinde, wana mishale, wana filimbi, na hawana mchezo.

Sista Koku ni wa Bukoba, ana udhuru. Mimi nimezaliwa kijiji cha tatu kutoka pale. Sina udhuru wowote na sijautafuta.

Tukafika juu, saa tatu asubuhi hivi, jua zuri. Tukampaka Kabula rozela mguuni na mikononi, mimi mwenyewe nikisaidia kumimina. Sista akamwambia alie kama mtu aliyevunjika kweli, asione aibu.

Kabula hakuona aibu.

Yowe la kwanza lilinisisimua mimi niliyejua kwamba ni maigizo. La pili lilipanda mpaka kilima cha pili likarudi. Sista akatikisa kichwa kwa kuridhika na kuandika kitu. Watu wakaanza kazi yao, na mimi nikaanza yangu, nikateremka kuita msaada.

Nikiwa njiani nikasikia filimbi. Nikadhani mchunga ng'ombe.

Nikazunguka jiwe moja kubwa, na mbele yangu, hatua kama hamsini, kuna wanaume kama ishirini wanapanda. Pinde mikononi. Mbele yao mzee mmoja mwembamba, kavaa makatambuga yale ya tairi.

Hebu vaeni macho yao kidogo. Mlimani mwanamke anapiga yowe. Kutoka huko huko anakuja mwanamume mbio, kaptula fupi, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko.

Cha kufanya kilikuwa kimoja tu: simama, inua mikono, sema. Najua. Nilijua hata siku ile.

Niligeuka nikakimbia.

Miguu iliamua bila kunishirikisha. Na nikikimbia, ndiyo nathibitisha hatia. Nimekimbia mashindano kadhaa maishani, lakini sijawahi kukimbia kama asubuhi ile. Masanja mpaka leo anasikitika kwamba hakunipimia muda.

Ajabu ni kwamba yule mzee hakuachwa. Nasikia makatambuga nyuma yangu, pa, pa, pa, juu ya mawe, na yanakaribia. Mtu wa kumwita baba yangu, wakuu, ananifukuza kupanda mlima na ananipata.

Halafu pa, pa, na kimya.

Nikasikia kitu kinaanguka, kisha sauti ya mtu anayejizuia kulia.

Ningeweza kuendelea, maana njia ilikuwa nyeupe. Nilisimama. Msiniite shujaa, nilisimama kwa sababu ile sauti nilikuwa naijua. Masanja aliitoa kwenye shati lake jioni tatu.

Nikarudi. Mzee ameketi kati ya mawe mawili, uso umejaa jasho, mguu wa kushoto umepinda chini ya goti mahali ambapo mguu haupindi.

Nilivyochanganyikiwa, nikasema, "Shikamoo."

Akasema, "Marahaba." Halafu akaniambia niko chini ya ulinzi.

Wenzake wakafika. Mishale ikanielekea kifuani, na hapo nikagundua kwamba mtu anaweza kukumbuka sala ya utotoni yote bila kuruka neno. Nikaanza kueleza, lakini jamani, jaribuni wenyewe kueleza mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watu ishirini wenye pinde huku una wekundu mikononi na kamanda wao yuko chini.

Aliyeniokoa ni yule waliyedhani nimemuua. Kabula alishuka mbio kutoka juu, rozela inamtiririka, anauliza kuna nini. Vijana wawili walirudi nyuma. Nyuma yake Sista na mwavuli, na nyuma kabisa Masanja, anashika jiwe hili na lile.

Sista akamshika Kabula mkono, akachovya kidole kwenye ile damu, akalamba mbele yao. Akawaambia waonje. Kijana mmoja wa sungusungu akaonja kweli, akafikiri kidogo, akasema imekosa sukari.

Watu wakacheka. Mishale ikashuka. Nikadhani yameisha, kumbe ndiyo yanaanza.

Mzee yule jina lake Lushinge, ndiye kamanda wa sungusungu wa pale. Kicheko kilipoisha, wote tukamgeukia yeye. Mguu ulikuwa unavimba tukiuangalia. Mwanamume mmoja mnene akaweka upinde chini, akasugua viganja, akatuma mtu mbio akalete samli na maji ya moto. Akasema tuanze kuunyoosha kabla haujapoa.

Sista akasema hapana.

Wakamtazama kama hawajamsikia. Akaeleza kwa utulivu, bila Kiingereza hata kimoja. Akasema vidole bado vina joto, damu inapita, lakini mfupa ukivutwa unaweza kukata mshipa wa damu na mzee akapoteza mguu. Akaomba wamwachie aufunge, atafutwe usafiri wa hospitali.

Yule mnene akamjibu kwamba miguu ya hapa inavunjika tangu mababu, na inanyooshwa hapa hapa. Akauliza mama wa Bukoba anajua nini juu ya miguu ya Wasukuma. Wengine wakaunga mkono. Tena tuelewane, sisi ndio tuliowatoa majumbani kwa uongo. Tulikuwa na sura gani ya kuwapa ushauri?

Mzee Lushinge akainua mkono, wakanyamaza. Akamwambia Sista, bila hasira, kwa sauti ya mtu anayeumia na anataka jambo liishe:

"Binti yangu, wewe umesoma. Nionyeshe mtu mmoja aliyeharibiwa mguu kwa kuchuliwa. Mmoja tu. Ukikosa, waache wanangu wanisaidie."

Wagonjwa wote wa Sista walikuwa mjini, kwenye daftari lake.

Masanja alikuwa ameegemea jiwe, karibu yangu kabisa. Hakuniangalia. Aliangalia chini.

Wakuu, nimekuwa nikijidanganya mambo mengi maishani, lakini pale hapakuwa na nafasi ya kujidanganya. Nikinyamaza, mguu wa yule mzee unakwenda. Na mzee alivunjika akinifukuza mimi, kwa sababu mimi nilikimbia, kwa sababu mimi sikutoa taarifa sawasawa. Nikisema, watu wangu wote wapo, Kabula yupo, kikundi chote kimeshashuka kinasikiliza.

Yule mnene akapiga goti na kushika kisigino cha mzee.

Nikasema asubiri. Halafu nikamwambia Masanja, "Ndugu yangu, naomba uvue kiatu."

Akakaa kwenye jiwe, akafungua kamba, akavua kiatu na soksi, akaunyoosha mguu mbele za watu. Kile kifundo nilikuwa sijakitazama tangu jioni ya mwisho nilipokichua. Nilikuwa nakikwepa kwa macho mwaka mzima.

Nikasema, "Mguu huu niliuharibu mimi. Ulikuwa umevunjika, nikauvuta jioni tatu kwa samli na maji ya chumvi. Kwa mikono hii. Halafu nikawaambia watu kwamba ni ukaidi wake."

Sikumaliza vizuri. Nililia, na naiandika hivyo hivyo. Mwanamume mzima wa Kisukuma, mbele ya sungusungu, na makamasi juu.

Hakuna aliyecheka.

Mzee Lushinge akamuuliza Masanja, "Ni kweli anayosema huyu?"

Masanja akasema, "Ni kweli, baba."

Mzee akaomba mguu usogezwe karibu. Masanja akajivuta mpaka kwake. Mzee akakipapasa kile kifundo kwa vidole vyake, pole pole, kama anayechagua mbegu. Aliufuata mfupa mpaka pale ulipokosea njia. Jasho linamtoka na anapapasa tu.

Halafu akamgeukia yule mnene. "Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, "achia mguu wangu."

Akaachia.

Sista akaniangalia na kuniambia nianze. Nilidhani atafanya yeye. Akasema mtihani bado unaendelea.

Nikaomba fimbo mbili nzito, zikatolewa kumi. Nikazivisha majani makavu na fulana yangu ili zisimkwaruze. Kabula akachana kitenge chake vipande, tukafunga juu ya goti, tukafunga chini, palipovunjika tukapaacha. Yule mnene alishikilia zile fimbo kwa utulivu ambao mimi sikuwa nao. Ndani yangu kuna kitu kinaniambia vuta kidogo tu, kidogo tu. Kurithi ni kubaya, wakuu.

Nikasimama. Sista akasema, "Kapteni, umesahau vidole."

Nikarudi nikagusa vidole. Vina joto. Nikamuuliza mzee kama anasikia ninapogusa, akasema anasikia, na pia anasikia njaa.

Machela tulitengeneza kwa miti miwili na mashati ya watu. Wakimbiaji wakajipanga pande zote, wameshainama tayari kuondoka kwa kasi. Sista akasema atakayekimbia amefeli mtihani. Kwa hiyo kundi zima la wakimbiaji, kwa mara ya kwanza tangu lianzishwe, lilishuka mlima kwa mwendo wa bibi harusi. Zamu ya wanne wetu, zamu ya wanne wao.

Njiani mama mmoja akaleta uji. Sista akaukataa, kwa sababu hospitali wakitaka kumlaza usingizi wa dawa tumbo linatakiwa liwe tupu. Mzee Lushinge aliuvumilia mguu, uji hakuuvumilia. Aliulalamikia mpaka barabarani.

Barabarani tukapata pikapu ya mnunuzi binafsi wa pamba, enzi zile ndiyo wameanza kuzagaa vijijini. Tukamlaza mzee juu ya magunia ya pamba, Sista pembeni yake na mwavuli umefunguliwa, wakaondoka. Nadhani hakuna kamanda wa sungusungu aliyewahi kusafirishwa kwa starehe ile.

Hospitali wakampiga plasta. Ilichukua miezi. Kila mwezi tulikwenda kumwona, na kila mara ananiuliza kwa nini nilikimbia.

Siku moja nimekaa na raba zangu pale Mkuyuni, nikaona mtu anakuja anatembea sawasawa, miguu miwili. Alikuwa yeye. Akachagua raba moja nzuri, akaijaribu, akanyanyuka, akaruka ruka kidogo. Akaniambia makatambuga ndiyo yaliyomwangusha, na kwamba sasa nijaribu tena kumkimbia. Nilicheka mpaka jirani akaja kuangalia.

Na kijiji kikakubaliana nasi utaratibu. Mkimbiaji akiumia kule, apige yowe. Wanakuja na machela.

Mtihani, kwa mnaouliza, nilifaulu. Kabula alipata maksi za juu kuliko wote, na nasema hadharani kwamba alistahili.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna sehemu nimeiruka.

Jioni ya siku ile, pikapu imeondoka na wengine wametangulia, nilirudi mlimani kumpokea Masanja, aliyekuwa bado anashuka, maana mwendo wake kwenye mawe ni wa taratibu. Njiani nikamwomba radhi. Niliomba vibaya, kwa maneno mengi.

Akanisubiri nimalize. Akasema alikuwa anajua. Daktari alimwambia siku ile ile ya kwanza hospitali, akamuuliza nani aliyeuvuta mguu huu. Masanja akamjibu kwamba aliuvuta mwenyewe.

Nikamuuliza kwa nini.

"Mguu ulikuwa umeshaharibika," akasema. "Ningekutaja, ningepoteza na rafiki."

Halafu akasema alichokuwa anasubiri ni mimi niseme, na kwamba kwa mtu anayejiita mkimbiaji nimechelewa sana.

Tulikwenda hivyo mpaka barabarani, ameshika bega langu.

Nilichojifunza si kirefu. Huduma ya kwanza kubwa kwangu ni kujua usichotakiwa kufanya na mikono yako, hasa kama watu wanaisifia. Jifunzeni, wakuu, hata siku mbili tu, na mkienda kufanyia mazoezi kijijini toeni taarifa ya kelele. La pili wazee walishalisema, mficha uchi hazai. Uongo wangu haukumponya Masanja hata kidogo. Kweli ilimponya mtu mwingine kabisa, na kidogo ikaniponya na mimi.

Masanja yupo, analima mpunga huko huko Misungwi, wajukuu wamemjaa. Jana nilimsomea uzi huu kwenye simu kabla sijauweka. Akasema yote ni kweli ila nimeweka machozi mengi, nipunguze. Sijapunguza.

Uwanja ni wenu. Wachuaji mje na hoja, matusi muyaache mlangoni. Wakimbiaji wa siku hizi mtuambie huko mnajifunza nini. Na wewe uliyemharibia mtu kitu kwa nia njema, kisha ukamsingizia yeye mwenyewe, usianze kwa kuandika hapa. Mpigie kwanza. Halafu uje utuambie alikujibu nini.